Lenzi ndefu ya kupigia ndege kwa mkono bila tripodi: mm 400, 500 au 600? Tusaidiane wakuu

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nimekuja na ishu inayoniumiza kichwa miezi sasa, naomba wenye uzoefu mnisikilize vizuri.

Mimi napiga picha za ndege, na napiga nikitembea. Tripodi nilishaiacha zamani, manake hadi umalize kufungua miguu yake mitatu ndege keshaondoka, na njia ninazopita ni vichaka na kandokando ya maji, hakuna pa kuisimamisha. Kamera yangu ni fulu fremu (ile yenye sensa kubwa) ya megapikseli 24, maunti (mdomo wa kufungia lenzi) ya Sony E. Mwaka jana nikajikusanya nikachukua zumu ya 150-600, yaani lenzi inayovuta kutoka mm 150 hadi 600, ile aina ya kilo mbili na kitu. Ubora wa picha sina neno nao kabisa. Tatizo ni mkono. Ikifika kama dakika arobaini mkono wa kushoto unaanza kutetemeka, na kibaya zaidi nimegundua ndege akipita sinyanyui tena, nabaki namsindikiza kwa macho tu mpaka anapotea.

Juzi nikakaa nikapitia picha zangu za miezi sita nikiangalia na saa ilipopigwa kila moja. Karibu zote ninazozipenda nilizipiga saa ya kwanza ya matembezi. Saa ya pili na ya tatu ni picha za ndege aliyetulia kwenye tawi tu, na nyingi zina mtikisiko. Hiyo iliniuma sana kwa sababu mbayuwayu na kipanga wanaanza kuruka vizuri jua likishapanda, na huo ndio muda mimi nimeshachoka.

Sasa nimebaki na njia tatu: nishuke hadi 100-400, nibaki na zumu ya 600 ila ya aina nyingine, au nichukue praimu (lenzi isiyovuta) nyepesi ya 500. Naogopa kushuka milimita, naogopa pia kuendelea hivi. Nishaurini.

#2

Mkuu usishuke. Kwa ndege milimita hazitoshagi hata siku moja, ukichukua 400 utarudi hapa kulia. Fanya mazoezi ya mikono.

#3

Mkuu wa #2 nakuheshimu ila hapo napingana na wewe, na nitapinga kwa hesabu maana hii kitu tunaiongelea kwa hisia mno.

Mleta uzi chukua kalamu. Upana wa eneo unaloliona kwenye fremu ni upana wa sensa zidisha umbali gawanya kwa milimita za lenzi. Sensa ya fulu fremu ina upana wa mm 36. Ndege akiwa mita 20 na una 600, unapata 36 mara 20 gawa 600, yaani mita 1.2. Sasa mdiria mdogo ana urefu wa kama sentimita 16, kwahiyo anachukua asilimia 13 hivi ya upana wa picha. Kwenye megapikseli 24 picha ina pikseli 6000 kwa upana, mdiria wako anapata kama 800. Ukiwa na 400 umbali uleule eneo linakuwa mita 1.8 na mdiria anapata pikseli 530 hivi. Hapo mkuu wa #2 yuko sawa, tofauti ni kubwa na inaonekana ukikata picha.

Lakini sogea. Ukiwa na hiyohiyo 400 ukafika mita 12, eneo linakuwa mita 1.08, na mdiria anapata karibu pikseli 890. Umeipita 600 ya mita 20. Hatua nane za taratibu zimefanya kazi kuliko milimita 200 za kioo. Na si pikseli tu, ukisogea hewa kati yako na ndege inapungua, na jua likiwa kali hewa ile inayocheza juu ya ardhi ndio inaharibu picha nyingi ambazo watu wanailaumu lenzi. Nimeona mtu anarudisha lenzi akisema haina makali kumbe alikuwa anapiga korongo upande wa pili wa bwawa saa saba mchana. Hakuna lenzi duniani itakayokusaidia hapo.

Kwahiyo swali la kwanza kwako: ndege wako unawapiga umbali gani kwa kawaida na unaweza kusogea au huwezi? Kama uko ukingoni mwa maji na hakuna pa kwenda, milimita zina haki yake. Kama unatembea vichakani na ndege wanakuzoea, wepesi wa lenzi unakununulia mita, manake mtu mwenye kilo tatu na nusu shingoni hatembei kimya, hachuchumai, hapiti chini ya tawi.

#4 (mleta uzi)

Mkuu wa #3 asante sana aisee, hiyo hesabu sikuwahi kuifanya. Kwangu ni nusu kwa nusu. Vichakani nasogea hadi mita 8 hadi 15. Kwenye maji nimekwama mita 30 na zaidi. Na wanaoruka ndio hivyo tena, wanapita wanapotaka wao.

#5

Basi mimi nakwambia moja kwa moja praimu nyepesi ya 500, nimeshika za namna hiyo miaka mitano sasa na sirudi nyuma.

Kuna kitu watu hawaelewi kuhusu uzito wa lenzi ndefu. Uzito unatokana na upana wa kioo cha mbele, na upana huo unaupata kwa kugawa milimita kwa namba ya apecha (tundu la mwanga, ile namba ya f/). 600 ya f/4 inataka kioo cha mm 150, ndio maana hata zile za kisasa kabisa za Sony na Canon zimegota kilo tatu na kidogo, tena watu walishangilia zilivyoshuka hadi hapo. 500 ya f/5.6 inataka mm 89 tu. Ndio maana Nikon walipotoa 500 f/5.6 PF mwaka 2018 kwa gramu 1460 watu wa ndege walihama kwa makundi. Ile PF, yaani Phase Fresnel, ni kipande cha kioo chenye mikato midogo ya duara kinachopindisha mwanga kuliko kioo cha kawaida, jina Fresnel linatoka kwa yule Mfaransa wa lenzi za minara ya taa, basi lenzi inakuwa fupi na uzito unahamia karibu na mkono wako. Ubaya wake ni mwanga mkali ukiingia ndani ya fremu, unapata viduara vya rangi. Kwa ndege mara nyingi jua liko mgongoni kwako kwahiyo si tatizo la kila siku.

Kwa wenye Nikon Z sasa wana 600 f/6.3 PF ya 2023, gramu 1470 pamoja na kola yake (pete ya kufungia tripodi). Milimita 600 kwa kilo moja na nusu! Miaka kumi na tano nyuma ungemwambia mtu hivyo asingekuamini. Kwako wewe wa Sony E kuna Sigma 500 f/5.6 ya 2024, kama gramu 1365. Hiyo haina PF wala nini, ni kioo cha kawaida kilichobuniwa vizuri.

Na kitu cha mwisho, ukiinua lenzi usiangalie kilo tu, angalia kilo zimekaa wapi. Kilo mbili zilizoko mbele kabisa zinauma kuliko kilo mbili zilizoko karibu na bodi ya kamera.

#6

Namuunga mkono #5 kwenye uzito ila niseme neno kwa ajili ya zumu, kwa sababu hakuna aliyeisemea bado.

Mtihani mkubwa wa lenzi ndefu kwa mkono ni kumpata ndege ndani ya fremu. 600 inaona nyuzi 4 tu kutoka kona hadi kona. Kipanga anatoka nyuma ya mti, unanyanyua, unaona anga tupu, unatafuta kushoto kulia, hayupo. Mwenye zumu anaanzia 200, anampata, anavuta. Mimi nimeokoa picha nyingi hivyo kuliko nilizopoteza kwa kukosa makali. Na ndege mkubwa akikujia, yangeyange anatua mbele yako mabawa wazi, mwenye praimu anapata kichwa na nusu bawa.

Ila chagua zumu isiyorefuka. Sony 200-600 na Nikon 180-600 zinavuta kwa ndani, urefu haubadiliki, kwahiyo mizani mkononi ni ileile ukiwa 200 au 600, na mzunguko wa ringi ni mdogo, kidole kimoja kinatosha. Zile zinazotoa bomba mbele, ukivuta tu uzito wote unakimbilia huko na mkono wa kushoto unalipa. Bado ni kilo mbili na kidogo, sikudanganyi. Lakini nimemuona mtu aliyeshindwa zumu moja ya kilo mbili akaishi vizuri na nyingine ya uzito uleule.

#7

Mbona hakuna anayeongelea sensa ndogo? Mimi natumia maikro foo thedi, lenzi ya 300 f/4 ya Olympus iliyotoka 2016, bila kola ni gramu 1270, na inaona kama 600 ya fulu fremu kwa sababu sensa ni nusu ya upana. Nafokasi hadi mita 1.4, kereng'ende anatua napiga naye. Natembea asubuhi nzima sijui hata kama nimebeba kitu. Kelele za ISO (chengachenga za kuipandisha kamera ipokee mwanga mdogo) giza likiingia ni kweli zipo, sensa ina eneo la robo tu ya fulu fremu, hilo nakubali kwa moyo mweupe. Lakini saa za mwanga mzuri hutaona tofauti ya kukufanya ubebe mzigo.

#8

Kuongezea kidogo kwa wenye Canon RF watakaopita hapa: 100-500 ina gramu 1370 bila kola, na inafokasi karibu sana, mita 1.2 ukiwa 500, kwa ndege wadogo vichakani ni raha tupu. Ina f/7.1 mwishoni, izoee. Ukitaka telekonvata (kipande cha kuongeza milimita) nayo ujue inafunga kuanzia 300 kwenda juu tu, chini ya hapo hairudi.

Na zile 600 na 800 za f/11 za mwaka 2020 msizidharau. 600 ina gramu 930, nyepesi kuliko baadhi ya lenzi za harusi. Nilianza nayo mimi. Mwanga ndio bei yake: kutoka f/5.6 hadi f/11 ni stopu mbili, pale mwenzio anapiga ISO 800 wewe uko 3200, na asubuhi mapema wewe uko 12800. Na fokasi ya karibu ni mita 4.5 kwa 600 na mita 6 kwa 800, kwahiyo yule ndege wa mita 3 unamuangalia tu.

#9

Mbona kila mtu anakimbilia lenzi mpya, mleta uzi spidi ya shata unaweka ngapi? Manake kanuni ni moja chini ya milimita, 600 unaweka 1/600 inatosha, tena kuna stabilaiza.

#10

Hapana #9, hapo watu wanapotea sana naomba nieleze polepole.

Hiyo kanuni ni ya mtikisiko wa mkono wako. Stabilaiza pia inatuliza mkono wako tu. Haimtulizi ndege. Shomoro aliyetua anageuza kichwa ghafla kiasi kwamba 1/500 inaweza kukupa mwili mkali na jicho lililofutika. Mimi aliyetulia naanzia 1/800 nikiwa na mwanga, nikikosa nashuka lakini napiga fremu nyingi mfululizo moja itapona. Anayeruka naanzia 1/2000, mbayuwayu 1/3200 na bado unamkosa. Kwahiyo kwa anayeruka stabilaiza kazi yake kubwa ni kukutulizia picha ndani ya kitafutio ili jicho lako na otofokasi vifanye kazi. Weka modi ya michezo au ile ya kufuata kitu, kila kampuni ina jina lake, ile ya kawaida inaweza kupigana na wewe ukigeuka haraka.

Mleta uzi sasa nikuulize unashikaje. Watu wengi wenye mikono inayochoka nikiwaona wameshika karibu na bodi, kiwiko cha kushoto kinaelea hewani kama bawa. Mkono wa kushoto peleka mbele, kiganja chini ya bomba, kiwiko kigande kwenye mbavu, kamera igande kwenye paji la uso. Hapo mifupa inabeba, misuli inapumzika. Mguu wa kola ugeuze juu au utoe kabisa, mara nyingi ndio unaokuzuia kushika pazuri. Mkanda ufunge kwenye lenzi, usifunge kwenye bodi, halafu upite begani kwa mshazari, lenzi ikae kiunoni. Shingo si mahali pa kuning'iniza kilo tatu.

Na usikae umenyanyua. Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyosema. Mtu anamuona ndege mbali anaweka jichoni anasubiri dakika tatu ndege ageuke. Shusha. Muangalie kwa macho, lenzi iwe kifuani, fokasi umeshaiweka umbali ule alipo, akijiandaa kuruka utamuona, wengi wanainama kidogo au wanajisaidia kwanza ndio wanaruka. Hapo ndio unanyanyua, na macho yasiondoke kwa ndege, lenzi ndiyo inayokuja kwenye jicho.

Ukishafanya haya wiki tatu mkono bado unatetemeka, basi ni lenzi. Badilisha bila kujilaumu.

#11

Nje ya mada kidogo ila roho yangu haitulii nisipolisema. Hesabu ya kusogea ya #3 ni nzuri ila isiende kwenye kiota. Ndege akiacha kula akasimama wima anakuangalia, au akianza kupiga kelele za tahadhari, umeshapita mpaka, rudi nyuma. Mayai yakiachwa juani au kwenye baridi hayachukui muda kuharibika. Kwa kiota ndio nasema bebeni milimita, au msipige.

#12

Kwa maunti ya E jua mapema, lenzi za kampuni nyingine zisizo Sony kwenye bodi za Sony zinaishia fremu 15 kwa sekunde hata kama bodi inaweza zaidi, na telekonvata za Sony hazifungi humo. Kama bodi yako ni ya fremu 10 hutahisi lolote. Ukinunua iliyotumika chukua kadi yako, piga ukuta wenye maandishi madogo pembe zote nne uone kama upande mmoja umefifia, sikiliza stabilaiza, mulika tochi ndani utafute ukungu unaotambaa kama nyuzi. Halafu kaa nayo mkononi dakika kumi kamili hapohapo ukiinua na kushusha. Muuzaji akichukia mwache.

#13 (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, zimepita kama wiki tano.

Kwanza nilianza na #10 kabla ya kununua chochote. Kiwiko kwenye mbavu, kola nikatoa, mkanda nikahamishia kwenye lenzi. Nikatoka dakika arobaini nikafika saa moja na robo. Nilikuwa nabeba vibaya, hilo nimelikubali. Lakini baada ya hapo mkono ulirudi kulekule kutetemeka, na nilipofanya hesabu ya #3 kwenye picha zangu nikaona ninazozipenda zote zilipigwa chini ya mita 18. Zile za ng'ambo ya maji, hata moja sijawahi kuiweka ukutani. Nilikuwa nabeba kilo mbili kwa ajili ya picha nisizozitumia.

Nikaazima 200-600 kwa siku mbili na ile Sigma 500 kwa siku tatu. #6 ulisema kweli, 200-600 iko tofauti kabisa mkononi, kama ningekuwa natoka kwa gari ningesimama hapo. Ila mimi natembea. Na 500 siku ya kwanza nilimkosa kipanga mara tatu mfululizo, anga tupu kabisa kama alivyosema, nikakaribia kuirudisha jioni ileile. Siku ya pili nikawa natafuta alama kwanza, ncha ya mti au waya, nanyanyua kwenye alama halafu natelezesha hadi kwa ndege. Ikaanza kukubali.

Siku ya tatu nilitembea saa tatu na nusu. Saa ya mwisho nikafika kwenye kona ya maji ambako mbayuwayu wanakunywa wakiruka, wanashuka wanagusa maji kwa mdomo na kupanda. Mahali hapo nimepita mara nyingi na sijawahi kunyanyua kamera kwa sababu nafika nimechoka. Safari hii nilinyanyua, nikashusha, nikanyanyua, sijui mara ngapi. 1/3200, f/5.6, ISO 1600. Nyingi ni maji tupu na mkia. Moja ina mbayuwayu mdomo wazi, ukigusa maji, na uzi wa matone nyuma yake, jicho kali.

Nimeichukua hiyo 500. Zumu naiuza, ila kwanza wiki ijayo naenda nayo ng'ambo ya bwawa mara ya mwisho, kuna korongo kule.

#14

Picha iko wapi mkuu

#15 (mleta uzi)

Naipandisha usiku, nikishatoa kadi.